Nilisema Bwana Hayupo, Naye Alikuwa Amelala

Dada yangu alikufa kwa sababu yangu, na mpaka leo hakuna aliyenishtaki. Tulizika, matanga yakaanuliwa, watu wakanipa pole, nami nikazipokea zote. Nyie mnaosoma hapa ndio wa kwanza kuambiwa.

Sikumpiga wala sikumlisha sumu. Nilisema uongo mdogo, tena kwa Kiingereza, tena wa heshima, ule ambao Wazungu huambiana kila siku na wakaagana vizuri. Nimezeeka nao. Nina miaka themanini na ushee, macho yamekwisha, meno yamekwisha, uongo wenyewe bado uko palepale.

Majina nitakayotaja si ya kweli. Yaliyobaki yote ni kweli tupu.

Mimi ni Mpimbwe wa upande wa Kibaoni. Nilisoma kwa mapadre hadi darasa la nne, nikabatizwa, nikatoka na kuandika, kuhesabu, na Kiingereza cha kuombea maji. Miaka ile ya hamsini Mpanda ilikuwa imechangamka kwa ajili ya machimbo. Vijana wa kila kabila walimiminika kutafuta kazi. Shimo mimi sikulitaka, niliogopa kwenda chini ya ardhi nikiwa hai. Nikapata kazi ya uboi kwa Mzungu mmoja mhandisi, ambaye nitamwita Bwana, na mkewe nitamwita Memsahibu.

Bwana alijua Kiswahili cha kuamrisha. Memsahibu hakukitaka kabisa. Alisema ni rahisi zaidi mimi nijifunze lugha yake kuliko yeye ajifunze yangu. Basi nikafundishwa jikoni, nikafundishwa mezani, nikafundishwa hata kwenye kamba ya kuanikia nguo.

Sasa sikilizeni nilichofundishwa.

Nilifundishwa kwamba ukiulizwa hali yako ujibu nzuri sana, asante, hata kama homa imekushika na magoti yanagongana. Ukijiunguza na pasi, ukapewa pole, sema si kitu. Mke wa Mzungu wa stoo alikuwa akileta keki ngumu, kisu kinapita kwa kusukumwa. Memsahibu anaishika kifuani, anasema jamani, keki nzuri namna hii, nilikuwa nakuwaza wewe sasa hivi. Mgeni akishaondoka, keki napewa mimi. Mimi nawapa kuku.

Siku moja nikajikaza nikamuuliza, "Memsahibu, huo si uongo?"

Akacheka mpaka akafuta macho. Akasema hapana, hiyo ni adabu. Akasema anayeambiwa anajua kabisa kwamba si kweli, kwa hiyo hadanganywi mtu.

Neno hilo lilinikaa. Hadanganywi mtu. Ningejua, ningelitema siku ileile.

Uongo mkubwa kuliko yote ulikuwa wa Jumapili. Wakishakula chakula cha mchana, Bwana na Memsahibu walilala kuanzia saa nane hadi saa kumi. Madirisha yanafungwa, pazia linashushwa, kuku wanafukuzwa nyuma. Atakayebisha hodi saa hizo nilitakiwa nimwambie maneno matatu: noti ati homu. Yaani hayupo nyumbani.

Mara ya kwanza nilipoyasema, mgeni alikuwa Mzungu mwenzao. Huko ndani Bwana alikuwa anakoroma, na mgeni alimsikia kama nilivyomsikia mimi. Nikasema noti ati homu, jasho linanitoka. Mgeni akatabasamu, akasema bila shaka, akashika kofia yake akaenda zake. Jumatano akaja tena, wakanywa chai na Bwana, hakuna aliyemwuliza mwenzake kitu.

Nilishangaa sana. Kwetu ukimwambia mgeni kwamba mwenye nyumba hayupo, halafu asikie kikohozi chake, undugu umekufa hapo. Hawa walikuwa wamepata dawa ya kufukuza mtu bila kumfukuza. Nikaipenda. Nitasema ukweli, niliipenda kuliko nguo nyeupe walizonishonea.

Nikaanza kuusema uongo ule hata pasipo na haja. Nikiulizwa kama nimeshapiga pasi mashati, najibu ndiyo nilikuwa naanza sasa hivi, nami nimekaa nakula muhogo. Kila Jumamosi jioni nilikwenda kuungama kwa Padre. Nilisema, "Padre, wiki hii nimesema uongo mara mbili." Hizo mbili zilikuwa za Kiswahili. Za Kiingereza sikuzihesabu. Niliona Mungu naye anajua kwamba ile ni adabu.

Nilikuwa na dada mmoja tu, mdogo wangu, nimwite Sesilia. Aliolewa na Maikoli, kijana wa machimboni, mtu mpole, asiyejua kugombana. Mwaka ule Sesilia alikuwa na mimba ya kwanza, na alikuwa kwa wakwe zake Litapunga akisaidia kuvuna mahindi. Majuma mawili kabla ya yale niliyokuja kueleza, alikuja mjini akapita kwenye mlango wa jiko langu na karanga za kukaanga ndani ya kitambaa. Tumbo lilikuwa limeshuka. Nikamwambia abaki mjini, dispensari iko karibu. Akasema mahindi yamebaki kidogo, akimaliza anakuja.

Wakati tunatafuna karanga alinitania, "Kaka, hebu niongelee hicho Kiingereza chako nikawasimulie wakwe."

Nikasimama wima, mkono mmoja nyuma, nikasema, "Noti ati homu, sori." Nikamweleza maana yake na jinsi kinavyofanya kazi.

Alicheka akakaa chini kwenye gunia la mkaa. "Yaani mtu yuko ndani anakoroma, na wewe unasema hayupo?"

"Ndiyo."

"Na yule wa nje anakubali?"

"Anakubali. Anajua."

Akafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kanga. Halafu akaniuliza, "Na kama aliyekuja ana shida?"

Nikamjibu, "Mwenye shida ataisema."

Sikumwona tena akiwa hai.

Sasa kuna mtu mwingine lazima mumjue, naye ni Klementi. Alikuwa dresa, mtu wa kufunga vidonda na kutoa dawa, kwenye dispensari, mtu aliyetoka Tabora, msomi kunizidi, kaptura imepigwa pasi mpaka inakata, soksi ndefu hadi chini ya magoti. Alikuwa rafiki yangu kwa sababu mji mzima ule sisi tulikuwa wachache tuliopenda kujionyesha kwa Kiingereza. Tulikuwa na mchezo wetu. Jumapili tukitoka misa tulikwenda kwenye hoteli ya Mwarabu, tunaongea Kiingereza tu, na wa kwanza kuteleza akaingia Kiswahili ananunua chai na mandazi. Mchezo ulikuwa hauishii hotelini. Popote tulipokutana Jumapili hiyo ulikuwa unaendelea, njiani, dukani, hata barazani kwa Wazungu wetu. Aliyeteleza anaonyeshwa kidole kimoja juu, maana yake chai.

Nilikuwa nimefungwa Jumapili tatu mfululizo. Nilikuwa nimeapa ya nne simwachii.

Basi Jumapili hiyo ikafika. Saa nane na nusu hivi, jua kali, nyumba imenyamaza. Niko baraza ya nyuma napiga viatu vya Bwana rangi. Landrova ya Bwana iko kwenye banda lake nyuma ya nyumba, karibu yangu, naweza kuigusa. Nikasikia hodi mbele. Nikakimbilia huko miguu mitupu ili wasiamke.

Alikuwa Klementi. Kofia mkononi. Jasho limeloanisha shati lote, na soksi moja imeporomoka imekaa juu ya kiatu. Niliiona soksi ile. Ndugu zangu, hilo ndilo linalonitesa kuliko yote, kwamba niliiona. Klementi hakuwa mtu wa soksi kuporomoka.

Kwetu, ukimwona mtu amekuja mbio mchana wa jua, unamwuliza "kwema?" Hata mtoto anajua. Hata adui yako unamwuliza. Kwema? Naye kama si kwema anasema hapohapo, na wewe unaweka chini ulichoshika.

Sikumwuliza.

Akasema kwa Kiingereza, maana kwenye mlango wa Mzungu ndivyo tulivyozoea, "Habari za mchana. Bwana yupo?"

Nikasema, "Noti ati homu. Sori."

"Atarudi saa ngapi?"

Nikamjibu sentensi niliyokuwa nimeipata wiki ileile kwa Memsahibu, nami nilikuwa natafuta pa kuiweka. Nikasema naogopa siwezi kusema. Waingereza husema wanaogopa hata pasipo na cha kuogopwa. Niliitamka vizuri, neno kwa neno, nikajisikia nimetoa jiwe njiani.

Klementi akafungua mdomo. Nikaona Kiswahili kinakuja. Nilikiona kabisa kwenye midomo yake. Nami nikatabasamu, nikainua kidole kimoja juu.

Chai.

Akanitazama. Akatazama kidole. Akafunga mdomo, akatikisa kichwa, akageuka akakimbia. Nikabaki nacheka kimoyomoyo, nikidhani amekubali kushindwa, anakimbia kununua chai. Nikarudi kwenye viatu vyangu. Nilivipiga rangi mpaka nikajiona usoni.

Bwana aliamka saa kumi, akapiga miayo, akadai chai. Jumatatu asubuhi, nikimmiminia uji, akauliza kama kuna aliyekuja jana.

Nikasema, "Hapana, bwana." Kwa Kiingereza, kwa adabu.

Haikufika hata saa tano, akaja kaka yake Maikoli kwenye mlango wa jiko. Hakusema hodi. Alisimama tu. Nami safari hii nikauliza, "Kwema?"

"Si kwema," akasema. "Sesilia katutoka."

Niliyapata yote msibani, Litapunga, nimekaa kwenye majani kavu pamoja na wanaume. Uchungu ulimshika usiku wa kuamkia Jumapili, akiwa kule kwa wakwe. Asubuhi mambo yakawa mabaya, mtu akapanda baiskeli kuja mjini kutafuta msaada. Maikoli alikuwa zamu shimoni. Gari la wagonjwa lilikuwa limesafiri kuelekea ziwani, halikutarajiwa kabla ya siku tatu. Klementi akasema namjua Mzungu mmoja mwenye Landrova, hana roho mbaya, atatupa. Mwendo wa gari kwa njia ile ulikuwa kama saa moja. Alipoambiwa Bwana hayupo alibisha nyumba nyingine mbili, moja gari bovu, moja wenyewe wamekwenda kuwinda. Ikabidi apande baiskeli yeye mwenyewe na mkoba wake wa dawa.

Mtoto alizaliwa saa tisa. Damu ikakataa kukatika. Wamama walifanya kila walichojua. Klementi alifika jua linazama, na dada yangu alikuwa amekata roho, bado ana joto.

Haya alinisimulia Klementi mwenyewe. Alikuwa amekaa kando yangu amefunikwa vumbi, hajalala. Hakujua kwamba marehemu ni dada yangu hadi alipomwona mama yangu akiniangukia shingoni. Aliinamisha kichwa. Akasema kwa Kiswahili, "Nisamehe, kaka. Nilikuja hadi kwako. Mtu wa baiskeli alisema mke wa Maikoli tu, sikujua ni wa kwenu. Na kama Bwana hayupo, niliona nikisimama kukueleza nitapoteza muda. Kungekuwa na gari ile saa nane, tungemwahi."

Yeye ananiomba msamaha mimi. Mnaelewa hapo? Nami nikamshika bega, nikasema, "Mungu hakupenda."

Nikawa nimemsingizia na Mungu.

Niliporudi kazini, Bwana alinipa pole ya kweli. Akauliza imekuwaje. Nikamweleza kwamba ni uzazi, gari halikupatikana. Akaweka kikombe mezani. Akasema, "Kwa nini hawakuja kwangu? Nilikuwa hapa Jumapili nzima. Ningekwenda."

Nikasema hawakujua, bwana.

Akakisukuma kikombe kando. Alikuwa na macho mekundu kidogo. Nilitamani awe Mzungu mbaya, ingenisaidia. Hakuwa.

Miezi miwili ikapita. Jumapili moja baada ya misa Klementi akanisubiri nje ya kanisa. Hatukuwa tumecheza mchezo wetu tangu msiba. Akanivuta pembeni.

"Leo tuongee Kiswahili," akasema.

"Sawa."

"Bwana wako alikuja dispensari kusafishwa kidonda. Tukaongea. Ameniambia Jumapili ile hakutoka, alilala mchana kutwa." Akanitazama machoni. "Kaka, siku ile Bwana alikuwepo?"

Hapo ndipo nilipopewa mlango. Mtu mmoja tu, mchana, hakuna anayesikia, na lugha ni yangu. Ningesema alikuwepo, ningelia, angenipiga au asingenipiga, yangeisha.

Nilimjibu kwa Kiingereza. Nikasema, hapana, alikuwa ametoka.

Klementi akatikisa kichwa polepole. "Sawa," akasema. Hakwenda hotelini. Mwaka uliofuata alihamishwa, sikumwona tena. Alijua. Aliondoka na siri yangu wala hakumwambia mtu, na sijui kama alifanya hivyo kwa huruma au kwa kunidharau.

Nilikwenda kuungama. Nikapiga magoti, nikasema, "Padre, nimesema uongo."

"Mara ngapi, mwanangu?"

"Mara moja."

Akanipa Salamu Maria tatu. Nikazisali palepale, nikafika mwisho, nikabaki nimepiga magoti nikisubiri kitu kinishuke kifuani. Hakikushuka. Padre hakuwa na kosa. Nilimpa kidogo akanipa cha kidogo.

Kuanzia hapo uboi ukanishinda. Kila hodi ikigongwa saa nane ya Jumapili naona soksi. Nilikuwa nakwenda moja kwa moja chumbani namgongea Bwana, "Kuna mtu, bwana." Muuza mayai, namgongea. Mtu amepotea njia, namgongea. Memsahibu alinikalisha chini, akanikumbusha yale maneno matatu. Nikafungua mdomo kuyarudia mbele yake, yakagoma. Mwisho wa mwezi wakaniachisha kwa amani, na barua ya kunisifu, imeandikwa mimi ni mtumishi mzuri sana na wanasikitika kunipoteza. Niliisoma njiani. Nilijua ni Kiingereza.

Sasa niwaambie habari za shemeji yangu Maikoli, maana aliyelipa deni langu ni yeye.

Maikoli hakumlaumu mtu. Alijilaumu mwenyewe. Alisema kosa ni lake kumwacha mkewe avune na mimba, alisema angemleta mjini mapema, alisema yeye ndiye mwuaji. Hakuoa tena. Kila mwaka, mwezi wa kumi na moja tukienda kusafisha makaburi, alishika jembe lake, akalima pembeni pembeni mwa kaburi, akasema maneno yaleyale, "Kosa langu, shemeji. Mahindi gani yale, ya kumwulia mtu?"

Nami namjibu, "Usiseme hivyo, shemeji. Mungu hakupenda."

Tulisema hivyo miaka zaidi ya thelathini. Nilikuwa na neno moja la kumtua mzigo, nikaliweka mfukoni, nikamtazama akizeeka nao. Alipokuwa kwenye mkeka wake wa mwisho alinishika mkono akasema anakwenda kumwomba Sesilia msamaha. Nilimwambia nenda salama. Akafa akijua yeye ndiye mkosaji.

Watu wanasema mimi na Maikoli tulipendana sana. Kweli tulipendana. Ndiyo maana sili vizuri mwezi wa kumi na moja.

Mtoto je? Mtoto aliishi. Msichana. Mama yangu alimlea Kibaoni kwa maziwa ya mbuzi na uji wa mchele, na alipofikisha umri wa shule nikamchukua nikae naye Nsemulwa, hapo mjini Mpanda, nilikojenga. Nimwite Yustina. Nimemsomesha, akawa mwalimu, ameolewa, amezaa, amestaafu, na sasa mimi nisiyeona ndiye ninayekaa kwake. Ananikatia kucha. Ananitolea miba ya samaki kwenye sahani kabla sijagusa.

Akiwa na miaka tisa aliniuliza, "Mjomba, mama yangu alikufaje?"

"Alikufa akikuzaa, mwanangu."

"Hakukuwa na gari?"

"Gari halikuwepo."

Mnaona? Kwa Kiswahili, kwa mtoto, na bado ni yale maneno matatu.

Tangu siku hiyo kila tarehe yake ya kuzaliwa hataki kusherehekewa. Anasema ameingia duniani kwa kumtoa mama yake. Mwanamke mzima ana wajukuu, anasema hivyo. Wiki iliyopita alisema tena, ananichambulia samaki, kwa sauti ya kawaida tu. "Mimi ndiye niliyemwua, mjomba, gari lisingesaidia." Samaki yule sikumgusa. Maikoli alikufa anajiita mwuaji, na sasa mwanawe naye. Nikasema basi. Nikasema yatosha.

Kesho yake nilijiongoza kwa fimbo hadi duka la kuchapa, nikamwomba binti wa pale aandike ninayoyasema. Ameandika hadi hapa. Mara mbili ameacha kuchapa.

Nyie mlio wadogo, mimi siwakatazi adabu. Semeni keki ni nzuri. Lakini uongo wa adabu ni wa watu wanaojuana, wote wawili wameshika ncha za kamba moja. Ukimwambia mtu asiyejua, yeye anauamini, anageuka, anakwenda. Siku hizi nawasikia humu nyumbani na simu zenu: niko njiani, nafika sasa hivi, na maji ya kuoga bado yako jikoni. Anayewasubiri mnajua anasubiri nini? Kabla ya kumjibu mtu, mwulizeni kwema. Ni neno moja.

Na ukishakosea, sema mapema. Uongo wangu wa kwanza uliua mtu mmoja kwa bahati mbaya. Ule uliofuata niliuchagua mwenyewe, mmoja mmoja, na umekula watu wawili waliokuwa hai.

Sasa namalizia, na maneno haya si yenu wote.

Yustina, hilo si jina lako, lakini umeshajua. Ulijua kwenye karanga, au kwenye jembe la baba yako. Kila Jumapili baada ya misa unanisomea gazeti hili, na ukurasa huu ndio unaoanza nao kwa sababu unaupenda, unasema watu wana mambo. Sikuweza kukwambia nikisikia pumzi yako karibu. Nimekuwa mwoga miaka yote hii, ikabidi nikupitishie habari hii mbali, gazetini. Hukumwua mama yako. Wala baba yako hakumwua. Gari lilikuwepo. Bwana alikuwepo. Nilikuwa mlangoni.

Usiniambie haidhuru, mjomba, yamepita. Nakujua, utataka kusema hivyo kwa sababu mimi ni mzee na wewe una adabu. Usiseme kama si kweli.

Weka gazeti chini. Kama unataka kutoka nje kwanza, toka. Nimekaa kwenye kiti changu, karibu na dirisha, pale uliponiweka. Ukirudi na swali lolote, uliza. Nipo nyumbani.